Mipini Minne ya Kitanda cha Zéphyrin

Fundi Zéphyrin na mimi tulianza kwa ugomvi. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa kibanda changu karibu na soko la Arua, na kila aliporanda mbao, upepo ulileta vumbi la mbao juu ya unga wangu wa muhogo. Wateja wakaanza kuniuliza kama siku hizi nauza unga wa mvule. Nikaenda kumfokea. Akasimama, akavua kofia, akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akaleta turubai akalitundika kati yake na mimi. Mtu wa namna hiyo anaudhi sana. Wewe unataka ugomvi, yeye anakupa turubai.

Nasimulia habari zake kwa sababu watu wetu wanapenda mno kusimulia habari za wakubwa: nani alikuwa na nyota ngapi begani, nani alipewa gari gani. Miaka hiyo yote ya utawala wa jeshi, tangu sabini na moja mpaka vita vya sabini na tisa, tulilishwa habari za wakubwa asubuhi na jioni. Mimi namjua mwenyekiti mmoja ambaye begani hakuwa na nyota, alikuwa na sugu. Na niseme mapema, mimi Rosa Kiden binti wa Koboko, nisiyesifika kwa ulimi mtamu: namshukuru mtu huyu kuliko yeyote aliye hai. Sababu ni mama yangu, nami nitamfikia.

Zéphyrin alitoka upande wa Mahagi, Kongo, wakati wa fujo za sitini na nne. Alivuka na mkewe Thérèse na msumeno uliozungushiwa blanketi. Baadaye serikali ya huko kwao iliamuru watu waache majina ya ubatizo, na ndugu zake wakamletea salamu kwamba naye ajichagulie jina jipya. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Jina yangu ilivuka mupaka pamoja na mimi," alisema. "Iko huku Uganda. Ile amri, jina yangu haiisikii."

Alitaka kutengeneza meza na milango, lakini Arua ilimtaka atengeneze majeneza. Akayatengeneza, tena kwa ufundi: kingo zimelainishwa, misumari haionekani, mfuniko unakaa bila kulazimishwa. Watu walitoka mpaka Maracha kumfuata. Nilimwambia siku moja kwamba wateja wake wana heri, hakuna anayerudi kulalamika. Hakucheka, nikajua nimegusa mahali panapouma.

Mwaka wa sabini na moja Thérèse aliota uvimbe tumboni. Zéphyrin alimpeleka hospitali ya Kuluva, na huko walimtunza vizuri, wakafanya yote yaliyokuwa ndani ya uwezo wao. Mwishowe daktari aliketi kando yake akamwambia ukweli kwa upole, kwamba dawa zimefika mwisho wake na sasa akapumzike nyumbani. Gari halikupatikana. Zéphyrin akamkalisha kwenye keria ya baiskeli, akamfunga kiunoni mwake kwa kitenge asianguke, wakaanza safari ya Arua. Njia ile ilikuwa ya mawe, na kila jiwe lilimpiga mgonjwa tumboni. Walipofika katikati, Thérèse akamwomba asimame.

"Zéphyrin," alimwambia, "wewe ni fundi. Batu bamekufa unabafanyia kintu kizuri vile. Sisi benye tunapumua, unatubeba kwa kinga!"

Aliniambia maneno hayo mwenyewe, miezi mingi baadaye, ameketi juu ya gunia langu la unga. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, maana Thérèse alisema vile kwa utani, na kinga, kwa Kiswahili cha kwao, ni baiskeli. Zéphyrin akaendelea kuiendesha polepole mpaka nyumbani, mkewe akiwa ameegemea mgongo wake. Thérèse alikufa kabla ya mavuno.

Baada ya matanga fundi alijifungia karakanani. Alipotoka, alitoka na kitanda. Kilikuwa cha mbao nyepesi, kimeinuka kidogo upande wa kichwa, na mahali pa kamba alikuwa ametandaza mikanda aliyoikata kutoka mipira ya ndani ya matairi ya lori. Chini yake zilipita nguzo mbili ndefu, na ncha zake zilizochomoza mbele na nyuma ndizo mipini minne ya kubebea. Kila mpini ulivishwa kitambaa kilichojazwa sufi. Aliniomba nilale nijaribu. Nikakataa, mimi si maiti. Akalala mwenyewe, akawaita vijana wa soko wambebe kuzunguka kibanda changu juu ya mashimo na mawe, akafumba macho, akasema, "Hapo. Sasa jiwe linabaki kwa miguu ya mwenye kubeba."

Shida ni kwamba hakuna aliyemtaka. Fikiria mwenyewe: unaumwa, hospitali imekuaga, na anayebisha hodi ni fundi majeneza. Kule Ajia mzee mmoja aliinuka mkekani, ingawa alikuwa hajainuka tangu wiki iliyopita, akamtandika fimbo akipiga kelele: "Rudi! Bado! Unakuja kunipima!" Zéphyrin alirudi na alama shingoni. Siku iliyofuata akasimama katikati ya soko akaapa mbele ya watu kwamba muda wote atakapokuwa anabeba kitanda kile, hatatengeneza jeneza tena. Mbao za majeneza akazigeuza viti. Nilimwambia amerukwa na akili, anafukuza riziki kwa mikono yake miwili. Akaniuliza kama nahitaji kiti.

Hivyo ndivyo kilivyoanza chama ambacho jina lake halisi lilikuwa Chama cha Kusindikiza Wagonjwa, ingawa watu wote walisema tu Kamati ya Kitanda. Aliyekuja wa kwanza alikuwa Kavira, mama wa Kikongo aliyeuza mawese, mpana wa mabega na mwenye sauti ya kumwamsha mlinzi. Wa pili alikuwa Gaspard, katekista mwembamba, baba wa watoto wengi; mpini wa nne ulishikwa na kijana yeyote wa soko aliyepatikana. Hawakuwa wabebaji tu. Walikuwa wanaosha vidonda, wanageuza migongo iliyochubuka, wanapika uji na kuusubiri upoe. Walimfikisha mtu nyumbani kwake, Dadamu au kwingine, kisha wakarudi kumtazama tena na tena mpaka siku yake.

Sheria zao zilikuwa za ajabu, na zote zilitoka kwa Zéphyrin. Asiyetia bega chini ya mpini hana sauti kikaoni, awe nani. Tajiri mmoja wa mjini alitaka kuwa mwenyekiti wa heshima, akaahidi magodoro. Zéphyrin alimkaribisha vizuri, akamwonyesha mpini wa nyuma kushoto, akamwambia heshima inaanzia pale. Tajiri akakumbuka kwamba ana mgongo. Kikao kilifanyika njiani, kitanda kinapotuliwa chini watu wapumzike. Kura ilipigwa kwa mkono: anayekubali anashika mpini wake, asiyekubali anauacha.

Sheria nyingine: mtu wa nyumbani kwa mgonjwa habebi. Anatembea kandokando ya kichwa, ameshika mkono, ili mgonjwa akifungua macho aone uso wa kwao. Na iliyo kubwa kuliko zote: aliyelala ndiye anayesema anapelekwa wapi. Kamati kazi yake ni kuchagua njia tu.

Zama zile watu watatu wakikaa pamoja tayari kuna mtu wa nne anayesikiliza. Kamati ya Kitanda nayo ikapelekewa wake. Aliitwa Abiriga, Mwislamu wa Koboko, na miwani yake myeusi ilimtangaza kabla hajatamka neno. Aliwakuta wametua kwenye njia ya Dadamu, wakibishana.

"Hii mukutano iko ya nini?" akauliza. "Nani alitoa ruhusa?"

"Tunabishana kama tupite mtoni au tuzunguke," Zéphyrin akamjibu. "Gaspard ana homa leo, mpini wake hauna mtu. Karibu, ndugu."

Abiriga alitazama mpini, akamtazama mgonjwa, kikongwe aliyekuwa anamtazama yeye bila kupepesa. Sijui kilimpata nini. Alivua miwani akaiweka mfukoni, akabeba. Walipotua tena akauliza, je, na yeye anaruhusiwa kusema? Sheria ni sheria. Akasema mtoni kuna utelezi, wazunguke, na wakazunguka. Tangu hapo alikuwa anakwenda kuwaripotia wakubwa zake kwamba kamati hii inazungumza habari za madaraja na uji, na ulikuwa ukweli mtupu. Mwishowe akawa makamu wa mwenyekiti. Nilimtania kwamba yeye ndiye mpelelezi pekee ninayemjua aliyeota sugu kwa kubeba bibi za watu.

Mimi niliwauzia unga na kuwacheka. Halafu mwaka wa sabini na tisa ulipoanza, zamu ikafika kwangu.

Mama yangu Viktoria alikuwa na uvimbe wa titi uliopasuka ukawa kidonda. Nilimtoa Koboko nikamleta Arua kwa matibabu, na matibabu yakafika mwisho kama ya Thérèse. Zéphyrin, Kavira na wenzao wakaja bila kuitwa. Kidonda kile kilikuwa na harufu. Mimi binti yake nilikuwa nabana pumzi. Kavira alikuwa anaimba, tena vibaya, akikiosha kwa maji ya chumvi kana kwamba anaosha chungu anachokipenda. Mama alikuwa anacheka ile sauti. Sikuwa nimemsikia mama akicheka tangu mvua za mwaka uliotangulia, na kwa kicheko kile peke yake ningemshukuru Kavira maisha yangu yote.

Baba yangu, askari wa zamani wa Kingi, jeshi la Waingereza, amezikwa uani kwetu, nje kidogo ya Koboko. Mama alikuwa anafagia kaburi lake kila Jumamosi mpaka siku niliyomwondoa. Sasa alikuwa anataka kitu kimoja, akakisema mbele ya kamati yote.

"Mimi nataka kulala pale kwa baba ya Rosa. Lakini nataka kufika na macho wazi. Nione nyumba yangu. Musinipeleke kama mzigo, mimi nikiwa nimekufa tayari."

"Tutakufikisha, mama," Zéphyrin akasema. "Acha kidonda kikauke kidogo."

Lakini kabla kidonda hakijakauka, Kampala ikaanguka. Malori ya jeshi yakaanza kupita Arua kwenda kaskazini, yamejaa askari, vitanda vya chuma, majokofu na mbuzi. Baada ya malori wakaja wanaotembea kwa miguu. Kufikia mwezi wa tano soko letu lilibaki vibanda vitupu. Gaspard akavusha watoto wake Kongo, na hakuna aliyemlaumu, hata mimi ambaye hulaumu upesi. Watu waliohama walinishauri nimwache mama kwa masista au nimvushe mpaka wa karibu, maana Koboko ndiko vita vilikokuwa vinaelekea. Mama alisikia yote hayo akiwa amelala. Akageukia ukuta.

Nilikwenda karakanani asubuhi nikiwa nimeshakata tamaa. Nilijiambia, yule ni Mkongo, mpaka uko mlangoni pake, atakuwa ameondoka. Nikamkuta ameketi kwenye vumbi lake la mbao, anajaza sufi mpya kwenye mipini.

"Nilikuwa nakungojea, mama Rosa," akasema. "Mulikuwa munachelewa. Tutatoka kesho, jua ikichomoza."

Nilimfokea. Nilimuuliza kama haoni vita, kama hana macho, kama anadhani kitanda kinazuia risasi. Nilikuwa nalia muda wote huo. Alisubiri nimalize, kama siku ile ya unga, kisha akaniuliza mama anapenda mto wa juu au wa chini.

Kesho yake Kavira alikuja amejifunga kitenge kiunoni na kikapu mgongoni. Abiriga naye akatokea, hana miwani, hana viatu vya ngozi, amevaa kanzu kuukuu.

"Wewe hukimbii?" nilimuuliza. Kila mtu alijua kwamba watu wa kazi yake ndio watakaotafutwa kwanza.

"Iko nakimbia," akanijibu. "Lakini nakimbia polepole. Iko kitanda."

Walikuwa watatu, na kitanda kina mipini minne. Nilitaka kushika wa nne. Zéphyrin akakataa katakata. Mkono wa mama ulikuwa mkononi mwangu na huko ndiko mahali pangu. Akaunganisha mipini ya mbele kwa ubao, akaingia katikati kama ng'ombe wa plau, na tukatoka hivyo. Mama alikuwa anatazama mbingu na kuuma midomo. Tulipoipita Dadamu mabega ya Zéphyrin yalikuwa yanatetemeka, na tulikuwa hatujaianza safari bado. Barabara ilijaa watu, wote na mizigo vichwani, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Hapo ndipo Kavira alipomwona askari mmoja kijana, mwenye magwanda yasiyo na vifungo, amebeba cherehani kichwani. Ya nani, tusiulize.

"Wee, mutoto!" Kavira aliita kwa sauti ile yake. "Hiyo mashini ilikuzaa? Weka chini! Kuja ushike hapa!"

Kijana aliruka. Nadhani tangu Kampala hakuna aliyempa amri, na mwili wake ulikuwa umezoea amri. "Cherehani yangu itaibiwa," akasema.

"Iweke kwa miguu yangu," mama akasema kutoka kitandani. "Mimi ni mwepesi, kitanda kina nafasi."

Basi Viktoria binti wa Koboko akasafiri na cherehani miguuni pake, akasema haya ndiyo mahari aliyokuwa ameahidiwa ujanani, yamechelewa tu. Kijana aliitwa Yugu. Alibeba vizuri, kwa hatua sawa.

Tulilala njiani kwa watu tusiowajua, waliotupa maharage na maji ya moto. Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda, tukafika mahali ambapo njia ya miguu inachepuka kushoto kwenda Kongo. Umati wote ulikuwa unachepuka hapo. Mbele, upande wa Koboko, tukasikia mlio mmoja mzito, halafu mwingine. Kitanda kikatuliwa, na kikitua, kikao kimefunguliwa.

Abiriga alisema wa kwanza, na sikumchukia kwa maneno yake. Alisema sheria ile ya aliyelala kuchagua ilitungwa wakati wa amani. Mbele kuna watu wenye silaha wa kila upande. Yeye akikamatwa hatahojiwa, atapigwa risasi. Kavira aliitazama ile njia ya kushoto, ambako wajukuu wake walikuwa wanamngoja, akanyamaza. Kwa Kavira, kunyamaza ni neno kubwa.

Zéphyrin hakubishana naye. Alipiga magoti karibu na kichwa cha mama, akamweleza yote bila kuficha: ile milio, wajukuu wa Kavira, hatari ya Abiriga, njia ya Kongo iliyo wazi. Nilitamani kumziba mdomo. Kwa nini amwambie mtu mgonjwa mambo hayo? Lakini alimwambia kama unavyomwambia mkuu wa nyumba.

Mama aligeuza kichwa akamtazama Kavira, kisha Abiriga. Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya mkono wangu. Kisha akasema, polepole, "Basi twende Kongo. Hawa ni watoto ya watu. Baba ya Rosa atanielewa."

Nilijua anachokitoa, na nilijua hakuna wa kumlaumu. Zéphyrin aliinuka akapangusa magoti.

"Mama ametuachilia," akasema. "Sasa hakuna mwenye kulazimishwa. Mwenye anataka Koboko, ashike mpini yake."

Yeye mwenyewe akashika wake. Wa pili alikuwa Yugu, na Zéphyrin akamkumbusha kwamba amebeba, kwa hiyo ana kura halali, asifuate mtu. Yugu akasema, "Mimi iko naenda Koboko tu. Halafu cherehani yangu iko juu ya kitanda." Kavira akacheka, akatema mate, akasema, "Nani alisema Kavira anaogopa?" na kushika wake. Tukabaki tunamtazama Abiriga. Alitazama njia ya Kongo kwa muda mrefu. Akanung'unika kwa Kilugbara, kwa Kiarabu, nadhani na kwa Kiingereza. Kisha akainama.

"Tupite vijijini, tuache barabara," akasema kwa hasira. "Nyinyi hamujui njia hata moja."

Sikuweza kusema asante. Nilishika mkono wa mama nikatembea.

Abiriga alijua kila njia ya panya katika nchi ile, maana alikuwa amelipwa kuzijua. Alitupitisha katikati ya mashamba ya karanga, nyuma ya nyumba za watu, mahali ambapo vita vilikuwa havijasikika ila kwa mbali. Tulilala tena njiani. Mama alikuwa anadhoofika, hakula, alikuwa analowanisha midomo tu, na kila saa alikuwa anauliza tumefika wapi. Nilimtajia vijiji, naye akavikubali kwa kichwa. Nilikuwa nahesabu pumzi zake na kuogopa.

Tuliingia uani kwetu jua likianza kuelekea magharibi. Nyumba ilikuwepo. Majani yalikuwa yamefunika kaburi la baba. Zéphyrin akasema kitanda kisitue bado. Wakamzungusha mama uani kote mabegani mwao, mbele ya mlango, karibu na mafiga, kando ya ghala, ili aone kila kitu. Macho yake yalikuwa wazi kabisa. Mbele ya kaburi aliwaomba wasimame.

"Rosa," akasema, "angalia hii majani. Mimi naondoka kidogo tu, munaacha pori."

Nikachukua ufagio. Nilifagia mbele ya macho yake, huku akinielekeza.

Vita vilikuwa vinakaribia, kwa hiyo Abiriga na Yugu, watu wa serikali iliyoanguka, walipaswa kuendelea kwenda Sudan siku ile ile. Mama aliwashika mikono mmoja mmoja. Yugu aliondoka, halafu akarudi mbio, akaiweka cherehani mlangoni petu. Alisema ni nzito. Sikumwona tena, na cherehani ile ninayo.

Mama aliishi siku chache, uani, akiwa ameegemezwa pale pale kwenye kitanda, Kavira akimwimbia. Asubuhi moja alimwona Zéphyrin anatembea huku na huku akitazama mbao za mlango, kisha akitazama kitanda. Mbao nyingine hazikuwepo Koboko nzima. Nilielewa anachokifikiria: kiapo chake. Alikuwa tayari kukivunja kwa ajili ya mama yangu, na kukivunja kwa kitanda chenyewe.

"Zefirini," mama akamwita. "Unanipima?"

Fundi akaona haya kama mtoto.

"Hapana kata hii kitanda. Mimi nimefika, lakini iko wengine njiani, niliwaona. Nizike kwa mkeka, kama bibi yangu. Mkeka unatosha."

Alikufa mchana uliofuata, mkono wake mkononi mwangu. Tulimzika kando ya baba, ndani ya mkeka wake, amefunikwa kitenge kipya alichokuwa amekibeba Kavira kikapuni tangu Arua bila kuniambia.

Mpaka wa Kongo ulikuwa karibu, na sikutegemea kitu zaidi kutoka kwao. Lakini baada ya maziko Zéphyrin alikaza mikanda, akapiga kitanda vumbi, akasema watarudi kwa njia tuliyojia. Nikafunga mlango nikawafuata. Safari hii sikuwa na mkono wa kushika. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mpini wa nyuma kushoto nikauweka begani, naye hakunikataza, maana sikuwa tena mtu wa nyumbani kwa mgonjwa.

Hatukufika mbali. Kwenye kijiji kilichohamwa mwanamke mmoja alitoka mbio kutoka nyuma ya nyumba, jina lake Mindra, akauliza kama kitanda kile ni kitupu. Baba yake alikuwa ndani. Majirani wote walikuwa wamekimbia, yeye alishindwa kumbeba na alishindwa kumwacha. Ndani kulikuwa na mzee mkavu, macho yamemtoka, anasema anataka kupelekwa kwa dada yake, upande wa Maracha.

Tulikuwa watatu tu, na milio ilikuwa bado inasikika. Zéphyrin alivua kofia akanigeukia.

"Mama Rosa, leo umebeba. Unasemaje?"

Kwenye mto wa sufi wa kichwani kulikuwa bado na shimo dogo pale mama alipolaza kichwa chake. Nililigusa, halafu nikashika mpini wangu.

"Mlazeni," nikasema. "Mindra, wewe shika mkono."